Kijiji kilichokimbiwa si pori

Wasikilizaji wa Nyangwe, wa Kasongo na wa Kabambare, na ninyi mliokimbia vita mkalala usiku huu katika nyumba za watu, kuna neno ambalo wakubwa wanalipenda sana siku hizi. Neno hilo ni utalii. Maniema ina msitu, wanasema. Ina bonobo, ina okapi, ina tembo wa msituni, ina mito ambayo mzungu hajawahi kuiona hata katika ndoto. Watalii watapanda ndege hadi Kindu, watafanya safari ya kuangalia wanyama, wataacha dola, na jimbo litasimama. Hotuba inaisha, watu wanapiga makofi, wakubwa wanapanda magari.

Kabla ya makofi lingeulizwa swali moja. Safari hizo zitafanyika katika ardhi ya nani?

Si swali la uchokozi. Katika Kabambare kuna vijiji ambavyo wenyewe hawapo. Walikimbia risasi, wengine mara moja, wengine mara tatu na nne, na leo wako Kasongo, wako Kindu, wako kwa shangazi na kwa marafiki wa shangazi. Huku nyuma, msitu wa Maniema haumngojei mtu. Shamba likikaa miaka mitatu minne bila jembe, ile miti ya haraka yenye majani mapana kama mwavuli inasimama juu ya mihogo, na nyumba ya udongo inarudi kuwa udongo. Mtu aliyekaa mbali sana, katika ofisi yenye baridi ya mashini, akitazama picha iliyopigwa na setiliti, anaona kijani tupu. Anaandika: msitu, hakuna watu. Hapo ndipo hatari ilipo. Kijiji kilichokimbiwa si pori, na haifai kabisa mtu akigeuze kuwa uwanja wa kamera wakati wenyewe wako ugenini wakigawana sombe na jamaa.

Hata neno lenyewe la safari halikuzaliwa kwenye hoteli. Ni neno la Kiswahili, na Nyangwe ililijua kabla ya watalii. Katika karne ya 19 safari ilikuwa msafara wa wapagazi: kutoka Bagamoyo, kupita Tabora, kuvuka ziwa toka Ujiji, kupita Kabambare na Kasongo, na kufika Nyangwe kwenye ukingo wa Lualaba. Livingstone alifika hapa Machi 1871. Cameron alifika 1874, Stanley 1876. Waliandika juu ya msitu, juu ya mto, juu ya sokwe ambao Livingstone aliwaita kwa jina alilolisikia huku huku, soko. Kama kuna mahali Afrika ambapo wageni walifanya safari mapema na kuandika vitabu, ni hapa.

Na mzigo wa safari zile ulikuwa nini? Pembe. Tembo wa Maniema waliuawa ili Zanzibar ipate pembe, na kutoka Zanzibar pembe zikaenda Ulaya na Marekani kutengenezwa vitufe vya piano na mipira ya biliadi. Pamoja na pembe walikwenda watu, shingo ndani ya mbao. Kwa hiyo mgeni anayekuja leo kufundisha kwamba mwanakijiji wa Maniema ndiye adui wa tembo, ajue anazungumza na wajukuu wa watu waliobebeshwa pembe hizo kichwani. Ukweli usemwe wote: wengine ni wajukuu wa walioshika bunduki. Nyangwe ina watoto wa pande zote mbili, na wanaoana.

Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko, watu karibu 1500 walikuwa wamekusanyika hapo mtoni, wengi wao akina mama wenye samaki, mihogo, vyungu na kuku. Watu wa misafara wakafyatua bunduki katikati ya soko. Akina mama walijitupa Lualaba. Hesabu ya Waarabu wenyewe, ambayo Livingstone aliiandika, ilikuwa kati ya 330 na 400 waliokufa, na ng'ambo ya mto vijiji vikachomwa moto. Kisha ikaja vita ya mwaka 1893, askari wa Dhanis wakaingia Nyangwe mwezi wa Machi, na mji uliokuwa na maelfu ya watu haukurudi tena kuwa ulivyokuwa. Mtu akishuka leo kwenye mtumbwi, anaona nyumba za udongo, miembe mikubwa, mashamba ya mpunga, watoto wanaogelea. Mwenye kamera atasema: mahali pazuri, hapajaguswa na mtu.

Hapajaguswa!

Utulivu huo ulitengenezwa kwa bunduki. Na si Nyangwe peke yake. Ukichunguza namna mbuga nyingi za safari zilivyozaliwa katika nchi za jirani, unakuta mchezo ni ule ule: kwanza watu wanaondoka, kwa vita, kwa ugonjwa au kwa amri ya mzungu, kisha pori linaota, kisha anakuja mtu na ramani na kusema pori hili ni la wanyama tangu mwanzo wa dunia. Mbuga ya Albert, ambayo leo inaitwa Virunga, Wabelgiji waliiunda 1925 na kuipanua miaka iliyofuata. Katika tambarare ya Rwindi na kando ya ziwa Edward watu waliondolewa, na moja ya sababu zilizotolewa ilikuwa malale, ule ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o. Upande wa Uganda, mbuga ya Queen Elizabeth iliwekwa 1952 juu ya ardhi ambayo watu wake walikuwa wamehamishwa kwa sababu ya malale hiyo hiyo miaka mingi nyuma. Kusini mwa Tanzania, miaka ya 1940, Waingereza waliwahamisha watu wa upande wa Liwale kwa jina la malale, na Selous ikanenepa. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, hakuna anayekataa. Lakini ugonjwa ulipopungua, watu hawakuitwa warudi.

Tanzania wana jina la kisheria kwa hifadhi za namna fulani: pori la akiba. Sikilizeni vizuri neno hilo, maana Kiswahili hakifichi. Pori, na akiba. Akiba ya nani? Juni 2022 huko Loliondo askari walipiga vigingi kuzunguka kilomita za mraba 1500 ambazo Wamasai walikuwa wakichungia, kukawa na risasi, na majeruhi wakavuka mpaka kutafuta matibabu Kenya. Wamasai wengine wa Ngorongoro wakapakiwa kwenye magari kwenda Msomera, mamia ya kilomita, na serikali ikasema wamekwenda kwa hiari yao. Hao ni watu ambao picha yao, na shuka nyekundu, iko kwenye matangazo ya safari dunia nzima. Picha ilibaki, mwenye shuka akahamishwa.

Mfano wa karibu zaidi ni Kahuzi-Biega. Mbuga hiyo ilianza 1970 na kilomita za mraba 600. Mwaka 1975 ikapanuliwa hadi 6000, mara kumi, na vijiji vikajikuta ndani ya mbuga bila vyenyewe kusogea hata hatua moja. Batwa waliokuwa wakiishi katika msitu wa juu walitolewa bila ardhi nyingine, bila fidia, na wengi wao wamezeeka wakifanya kazi katika mashamba ya wengine. Iliwachukua miaka kufikisha neno lao mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, na uamuzi uliotangazwa mwaka 2024 ulisema wazi kwamba serikali ya Congo ilivunja haki zao. Miaka hamsini! Mtoto aliyetolewa mgongoni mwa mama yake amepata hukumu akiwa na mvi. Na katikati hapo, tangu 2018, baadhi ya Batwa walirudi msituni kwa nguvu, wakapigana na walinzi wa mbuga, na damu ikamwagika pande zote. Watalii wa gorila walikuwa wakilipa dola 400 kwa mtu mmoja kukaa na gorila saa moja.

Basi tuelekee Kabambare.

Watu wa Salamabila hawahitaji kufundishwa jinsi utajiri unavyokuja na kumwacha mwenyeji mlangoni. Dhahabu ya Namoya ilipochukuliwa na kampuni, wachimbaji wa mkono waliondolewa, malalamiko yakaota, Mai-Mai Malaika wakaota nayo, na mwaka 2019 kazi ya mgodi ikasimama. Kilichobaki kwa raia ni nini? Barabara ya matope, bunduki nyingi kuliko mwanzo, na jamaa zilizotawanyika. Waliokimbia huko ndio wanaosikiliza redio sasa hivi katika nyua za Kasongo. Wakisikia neno mwekezaji, hawapigi makofi haraka, na wana sababu.

Sasa tazameni ramani. Katika bonde la Luama kuna eneo la uwindaji ambalo liko kwenye karatasi za serikali ingawa wakaaji wengi hawajawahi kuonyeshwa mpaka wake. Kuelekea mashariki, upande wa Fizi na wa Tanganyika, mwaka 2016 ziliongezwa hifadhi za Ngandja na Kabobo. Magharibi ya Lualaba kuna mbuga ya Lomami. Hakuna anayesema kwamba kesho asubuhi mtu atakuja kupiga vigingi katika mashamba ya Kabambare. Kinachosemwa ni kwamba kama siku hiyo ikija, itakuja wakati wenye mashamba hawapo, na aliyeko mbali hawezi kusimama kwenye mpaka wa shamba lake na kusema hapa ndipo babu alipozikwa.

Juu ya Lomami haki itendeke, kwa sababu si kila mbuga ni jambazi. Mbuga hii ilitangazwa Julai 2016, ina zaidi ya kilomita za mraba 8800 kati ya Maniema na Tshopo, na kabla ya kutangazwa watafiti walikaa miaka karibu kumi wakitembea kwa miguu na kuzungumza na vijiji. Majimbo yalitia sahihi yao kwanza, kisha taifa. Hiyo ni njia bora kuliko ya 1975. Leo inashikwa na ICCN pamoja na Frankfurt Zoological Society ya Ujerumani. Ndani yake wako bonobo, ambao hawaishi popote pengine duniani ila Congo hii, na tena upande wa kushoto wa mto tu. Ukisimama Nyangwe, ukingo wa kulia, huwezi kumkuta hata mmoja, utamkuta sokwe wa kawaida. Yuko okapi, yuko tausi wa Kongo, wako tembo waliobaki.

Na yuko lesula. Habari ya nyani huyu inafaa kusimuliwa polepole. Mwaka 2007 watafiti walimkuta mmoja amefungwa nyumbani kwa mwalimu mkuu wa shule huko Opala, anachezewa na mtoto wa nyumba. Wakauliza jina. Wakaambiwa: lesula. Kila mwindaji wa eneo lile alimjua, alijua anakula nini, analia vipi alfajiri. Mwaka 2012 magazeti ya dunia yaliandika kwamba nyani mpya amegunduliwa. Mpya kwa nani? Watafiti wenyewe walikuwa na adabu, walimwachia jina lake la kwao. Lakini habari hiyo inaonyesha jambo: ujuzi wa msitu uko kwa mwanakijiji, na cheti cha ujuzi kinatolewa kwingine. Kesho safari zikianza, ni nani atakayekuwa kiongozi wa watalii, na ni nani atakayebeba mfuko? Kama jibu ni kwamba mwindaji atabeba mfuko, basi ni ule ule msafara wa pembe, safari hii pembe ziko ndani ya kamera.

Tuje kwenye makuta, maana hotuba zote zinaishia hapo. Uganda sheria inataka asilimia 20 ya ada ya kuingia mbugani irudi kwa jamii za jirani. Hata huko wananchi wananung'unika, kwa sababu pesa kubwa iko kwenye kibali cha gorila, na hapo wanaongezewa dola 10 tu. Rwanda ilianza 2005 na asilimia 5 ya mapato ya utalii wa mbuga, na 2017 ikapandisha hadi 10. Ni kidogo, lakini ni namba. Mama wa kijiji anaweza kuishika namba hiyo na kwenda nayo kwa kiongozi wake kudai. Huku Maniema, mwulize mkaaji wa kijiji kilicho pembeni mwa msitu fungu lake ni asilimia ngapi, uone kama kuna wa kumtajia. Anatajiwa maendeleo. Maendeleo hayahesabiki, ndiyo maana wanasiasa wanayapenda.

Tena pesa ya safari ni pesa ya woga. Mei 2018 watu wenye silaha waliwateka Waingereza wawili katika Virunga, na mlinzi mmoja, binti kijana, akauawa. Watalii hao waliachiliwa baada ya siku mbili. Virunga ikafunga milango kwa watalii hadi Februari 2019. Risasi moja, na pesa zote zilisimama miezi tisa. Hakuna wa kuwalaumu: mgeni ana haki ya kuogopa. Lakini kijiji hakina mahali pa kufungia mlango. Sasa leta hesabu hiyo Kabambare, ambako risasi si moja. Mkubwa anayewaambia waliokimbia vita kwamba utalii utawainua, anawaahidi bukari ya ghala ambalo halijajengwa, juu ya barabara ambayo pikipiki yenyewe inabebwa na watu wakati wa mvua. Kwanza amani na barabara ya Kasongo–Kindu. Mpunga wa Nyangwe ungefika sokoni mwaka huu huu, bila kumngojea mtalii yeyote.

Kuna watakaosema: mkizuia mbuga, wanyama wataisha. Hoja hii ina uzito na haifai kupuuzwa kwa hasira. Wanyama wanapungua, kila mwindaji mzee atakuambia. Zamani mtego ulishika karibu na kijiji. Sasa mtu anatembea siku mbili. Nyama inakaushwa moshoni, inafungwa kwenye vikapu, inapanda baiskeli hadi mjini, na mnunuzi wa mjini si maskini. Na bunduki za vita zimefanya kazi ambayo mikuki ya mababu haikuweza kuifanya kwa miaka mia. Waliokimbia nao wanakula msitu, kwa sababu aliyefika na watoto watano na sufuria moja hawezi kungojea mavuno ya mwaka ujao. Yote hayo ni kweli.

Lakini angalia ni nani anayekamatwa. Kijana mwenye nyaya za mtego anafungwa, mwenye cheo aliyempa risasi na anayemngojea na mfuko wa pesa analala kwake. Walinzi wa mbuga, wale ekogadi, wengi wao ni watoto wa vijiji hivi hivi, mishahara midogo, wanakufa katika kazi hiyo. Si wao wa kutukanwa. Wa kuulizwa ni anayeamini kwamba msitu utalindwa dhidi ya watu wanaouzunguka. Hakuna idadi ya ekogadi inayotosha kulinda kilomita za mraba 8800 kama kila kijiji cha pembeni kinawaona kama jeshi la kigeni. Kijiji chenye karatasi ya ardhi yake, chenye fungu lake katika kila mgeni anayeingia, kitamshika jangili usiku kwa miguu yake chenyewe. Kijiji kilichonyang'anywa kitamwonyesha njia.

Na njia ya kupigania ardhi ipo, tena si ya panga. Itombwe wameipita. Mwaka 2006 waziri alitia sahihi huko Kinshasa kuunda hifadhi ya Itombwe, na watu wa Mwenga, Fizi na Uvira walisikia baadaye kwamba wanaishi ndani yake. Walikataa. Lakini walikataa kwa ramani: wazee walitembea na vijana, wakaandika mito, vilima, makaburi, mahali pa tambiko, mashamba ya zamani na mapya, mwindaji anapita wapi, mama anachuma dawa wapi. Ilikuwa kazi ya miaka, na magomvi ya ndani hayakukosa, maana kila ukoo una kilima chake. Mwaka 2016 jimbo la Kivu ya Kusini liliweka mipaka mipya kufuatana na mazungumzo hayo, na hifadhi ikagawanywa katika sehemu ambazo watu wanalima na kuishi, na sehemu ambazo zinaachwa. Haikuwa ushindi wa kila kitu. Lakini mipaka ya Kinshasa ilirudi nyuma mbele ya mipaka ya wazee.

Sheria nayo haikosi, inakosa msomaji. Kifungu cha 34 cha Katiba kinalinda mali ya mtu na ya jamii, hata ile iliyopatikana kwa mila, na kinasema mtu hawezi kunyang'anywa ila kwa faida ya umma na baada ya kulipwa fidia ya haki, kwanza fidia ndipo kunyang'anywa. Amri ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii kuomba msitu wake wa kimila kuwa msitu wa jamii, hadi hekta 50000, bure, bila mwisho wa muda. Sheria ya Februari 2014 juu ya uhifadhi inataka uchunguzi mbele ya wananchi kabla ya eneo kutangazwa hifadhi. Sheria ya Julai 2022 inawatetea Batwa. Karatasi hizo zote zimeandikwa kwa Kifaransa. Chifu anaambiwa atie sahihi hapa, na hapa, na hapa, anapewa kofia, na mkutano umekwisha saa sita mchana kwa sababu wageni wanawahi ndege.

Kwa hiyo madai kwa serikali ya jimbo na kwa ICCN ni haya, na hayahitaji dola hata moja ya mtalii. Pasitangazwe wala kupanuliwa hifadhi yoyote katika Kabambare na Kasongo wakati wakaaji wako nje ya vijiji vyao. Uchunguzi ukifanywa, wawafuate waliokimbia mahali walipo, katika nyua za Kasongo na Kindu, wawaulize kwa Kiswahili na kwa lugha zao, na kutokuwepo kwao kijijini kusiandikwe kamwe kuwa wamekubali. Mipaka ya eneo la Luama isomwe hadharani, mto kwa mto, ili mtu ajue kama shamba lake liko ndani au nje. Na fungu la jamii liandikwe kwa namba kabla ya mgeni wa kwanza kupanda mtumbwi.

Kwenu mliokimbia, kuna kazi ambayo haingojei serikali. Kila ukoo una mzee mmoja, bibi au babu, ambaye bado anakumbuka. Akifa ugenini anakwenda na mpaka. Kaeni naye jioni na daftari la shule la mtoto. Andikeni jina la kijiji, na jina lake la zamani kama kilihama. Andikeni mto unaochota maji, kisima, mlima unaouona ukisimama mlangoni. Andikeni michikichi ni mingapi na nani aliipanda, maana mchikichi na mwembe havijipandi kwa mistari, na miaka ishirini baadaye bado vinasimama katikati ya msitu vikisema hapa palikuwa na watu. Andikeni makaburi. Andikeni jirani wa kila upande, na hata ugomvi wa mpaka uliokuwepo, kwa sababu ugomvi wa mpaka ni ushahidi kwamba ardhi ilikuwa na wenyewe wawili na si tupu. Nakala moja ibaki kwa jamaa, moja kwa chifu, moja kwa paroko au kwa imamu, na moja ifike redioni.

Majina ya vijiji yatakayofika yanaweza kusomwa hewani, kila jina na mto wake. Yeyote atakayesikia jina la kwao limesahauliwa, au mto umewekwa upande usio wake, alete masahihisho hata kwa kipande cha karatasi.